Kabla ya Kapu la Kwanza la Taka

Kusi likishika, kati ya Aprili na Septemba, mkondo wa bahari hutoka pwani ya Tanzania, ukapita Mombasa na Lamu, ukapanda hadi Kiamboni na visiwa vya Wabajuni, kisha ukaendelea mbele ya Kismayu. Kaskazi likirudi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, hadi ukakutana na ule wa kwanza katika maji ya Kenya. Manahodha wa zamani waliijua vema hesabu hiyo, na kwayo walifanya biashara ya boriti, tende na samaki wakavu. Siku hizi mikondo hiyo hiyo hubeba shehena isiyo na mwenyewe: chupa za plastiki, kandambili, vipande vya nyavu za nailoni, mikebe ya mafuta. Kandambili iliyokatika mkanda Mombasa yaweza kuokotwa pwani ya Ngumi, na chupa iliyotupwa Kismayu yaweza kulala katika mchanga wa Kiwayu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayedhani kwamba taka za kisiwa ni shauri la kisiwa hicho peke yake hajapata kutembea ufukoni asubuhi baada ya bamvua. Taka za pwani hii ni za watu wote. Tunalotaka kulizungumza juma hili ni mahali pamoja pa kuzikusanya na kuzipitisha, na hasa swali ambalo aghalabu huachwa hadi mwisho wakati lilipasa kuwa la kwanza: mahali hapo patakuwa nini siku shughuli ya taka itakapokwisha?

Ngumi ni kimoja katika safu ya visiwa vinavyotandaa kutoka Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya, pamoja na Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo. Ni nchi ya mwamba wa matumbawe, yenye magofu ya mawe ya watu waliotangulia. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, aliikagua pwani hii katika miaka ya 1960. Wataalamu wa namna yake wakifika penye mji wa kale hutafuta kwanza jaa lake. Humo hukuta makombe, mifupa ya samaki, majivu na vigae vya vyungu, na kutoka humo husoma watu walikula nini na walifanya biashara na nani. Jaa la wazee wetu limekaa karne nyingi bila ya kumdhuru mtu. La kwetu halitakuwa hivyo, kwa sababu katika kapu la leo mna betri za kurunzi, mafuta machafu ya injini, makopo ya dawa ya wadudu na plastiki isiyooza.

Tena watu wa visiwa hivi wamekwisha kung'olewa mara moja. Serikali ya Mogadishu ilipoanguka mwezi wa Januari, 1991, na vita vikashuka hadi Juba, Wabajuni wengi walipanda mashua na kukimbilia Kenya. Walipokewa katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa. Wengine walirudi baadaye, wengine hawakurudi, na wengine wamezeeka ugenini huku wakiwasimulia wajukuu wao juu ya Chula na Koyama. Ukizungumza na watu hao juu ya kurudi, mazungumzo hayaishii kwenye nyumba. Nyumba hujengwa. Huishia kisimani, kwani kisiwa kisicho na maji ya kunywa ni mahali pa kutia nanga tu.

Hapa hapana budi tueleze jambo la ardhini, maana bila ya kulielewa hilo msomaji hataona kwa nini tunalipigia kelele jaa dogo la kijiji. Katika kisiwa cha matumbawe maji ya mvua hupenya haraka kwenye vitundu vya mwamba, yakakaa chini juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Yanaelea kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, ingawa hayana mpaka mkali kama huo. Kwa kanuni, kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na futi kama 40 chini yake. Kwa hiyo kisiwa kidogo, ambacho maji yake hayainuki sana juu ya usawa wa bahari, kina akiba nyembamba. Ukiteka kupita kiasi, chumvi hupanda. Na ukimwaga uchafu juu ya mwamba huo, hapana udongo mzito wa kuuzuia: mvua inayojaza kisima ndiyo hiyo hiyo inayousukuma uchafu kisimani. Ndugu zetu wa Lamu wanalijua jambo hili kwa njia yao, kwani vilima vya mchanga vya Shela ndivyo ghala ya maji ya mji wao, nao wamelazimika kuvilinda dhidi ya wanaotaka kujenga juu yake.

Barani, jaa likiharibu kisima, watu huchimba kingine bonde la pili. Kisiwani hakuna bonde la pili.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo midomoni mwa watu huwa kitu kimoja. Jaa, au dampo kama wasemavyo wenzetu wa Dar es Salaam, ni mahali ambapo taka hufika na kukaa. Kituo cha kupitishia taka ni mahali ambapo taka hufika, huchambuliwa, hupimwa, hufungwa na kuondoka. Tofauti yake ni ile iliyopo baina ya ghala na diko. Samaki hawaozi dikoni kwa sababu diko si mahali pa kuweka samaki, na siku wakianza kuoza, kila mtu hujua kwamba kazi imekwama. Basi na kituo cha taka ni vivyo hivyo. Siku kinapoanza kujaa, kimekwisha kuwa jaa, hata kama kibao chake mlangoni kinasema vinginevyo.

Tupige hesabu kidogo. Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mtu mmoja katika Afrika kusini ya Sahara hutoa taka za wastani wa kilo 0.46 kwa siku. Chukua kijiji cha watu 500 kwa mfano: ni kilo 230 kila siku, yaani karibu tani 84 kwa mwaka. Mtu akisikia tani 84 hushika kichwa. Lakini taarifa hiyo hiyo ilisema kwamba asilimia 43 ya taka hizo ni mabaki ya chakula na majani, vitu ambavyo havina haja ya kupanda mashua hata kidogo. Plastiki haikufikia asilimia 10. Kwa kijiji chetu hicho ni pungufu ya kilo 23 kwa siku, mzigo ambao punda mmoja hauoni kuwa mzigo. Kwa hiyo kinachohitaji kuvushwa si mlima. Kinachogeuka kuwa mlima ni vile tusivyovitenganisha.

Kuhusu kutotenganisha na kutofikiri mwisho wake, hatuna haja ya kwenda mbali. Aliyeingia Mombasa kwa barabara ya Nairobi katika miaka iliyopita alipokewa na Kibarani. Kwa miongo kadhaa jaa hilo lilikaa kando ya Makupa, kwenye mlango wa mji, ukingoni mwa mkono wa bahari. Moshi ulitanda barabarani, kunguru walizunguka, na maji yakijaa yalichukua sehemu yake na kuondoka nayo. Mgeni alifunga dirisha la gari kabla hajauona mji. Mwaka 2018 jaa lilifungwa. Likafunikwa udongo, miti ikapandwa, na ikasemwa kwamba mahali hapo pawe bustani ya kupumzikia watu. Taka zikaelekezwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa pale penye tuta la zamani, ili maji ya bahari yapite tena kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ni kazi njema, na aliyeiona Kibarani ya zamani hana budi kukiri hivyo. Hata hivyo tazama mambo yaliyosalia chini ya nyasi zile. Taka za miongo kadhaa hazikuondoka. Zimefunikwa, nazo zinaendelea kuoza, kushuka na kutoa gesi. Juu yake waweza kupanda miti na kuweka mabenchi, bali kujenga shule au nyumba ya ghorofa ni jambo jingine. Umiliki wa ardhi yenyewe ulikuwa na mabishano. Na wale waliojipatia riziki kwa kuokota chuma na plastiki pale walitakiwa watafute pengine. Mambo hayo yote, ardhi ni ya nani, juu yake patajengwa nini, waokotaji watakula wapi, yangeweza kujibiwa kabla ya gari la kwanza kumwaga mzigo wake. Yalijibiwa mwishoni, kwa gharama ya mwisho.

Dar es Salaam ina kisa cha namna nyingine. Wakazi wa Tabata, waliochoka na moshi na harufu ya jaa la jiji, walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 mahakama ikawapa haki: ilisema kwamba kuwaweka watu katika hewa ile ni kuigusa haki yao ya kuishi, iliyomo katika Katiba. Jiji lilipotafuta mahali pengine, lilichagua Kunduchi Mtongani. Watu wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye taka zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Msomaji atakumbuka mchezo wa watoto wa kupitisha kijiwe mkononi, ambapo anayekutwa nacho ndiye aliyeshindwa. Kila mtaa ulipokea jaa kama kijiwe hicho, na hakuna mtaa uliokaa na wenzake kabla ya siku hiyo kuulizwa: mkikubali, kwa muda gani, kwa masharti gani, na tukiondoka tutawaachia nini?

Huko Nairobi, Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, lakini magari hayakuacha kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto na vijana 328 wa jirani: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa wakati huo. Koshe, huko Addis Ababa, liliporomoka Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 110. Kiteezi, la Kampala, liliporomoka Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, likawaua watu zaidi ya 30 waliokuwa majumbani mwao na kazini. Majaa haya hayakuporomoka kwa sababu ya mvua peke yake. Mvua ilinyesha juu ya mlima ambao ulipasa kufungwa zamani.

Mwandishi wa makala haya alikulia katika nyumba za askari polisi, na anakumbuka shimo la taka lililokuwa nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba. Lilipojaa lilifukiwa kwa udongo mwekundu, likashindiliwa kwa miguu ya vijana waliokuwa wameadhibiwa, na mwaka uliofuata pakajengwa juu yake jiko la pamoja. Hakuna aliyeandika mahali po pote kwamba hapo palikuwa na shimo. Mvua za pili sakafu ilididimia upande mmoja, ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi chini, na mama mmoja alimwagikiwa na sufuria ya uji wa moto mguuni. Mkubwa aliyetoa amri ya kujenga alikuwa mgeni wa kituo, na aliyechimba shimo alikuwa amehamishwa. Lawama haikupata wa kumkalia. Kama kungalikuwa na karatasi moja tu katika faili la kituo, jiko lingalijengwa hatua ishirini pembeni.

Jambo hilo linawahusu askari wa leo zaidi kuliko wanavyodhani. Majeshi ya Kenya yaliingia Kismayu mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba, 2012, na tangu hapo kambi za kulinda amani zimekuwa sehemu ya maisha ya Jubaland, chini ya AMISOM, kisha ATMIS kuanzia Aprili 2022, kisha AUSSOM kuanzia Januari 2025. Kambi ni mji mdogo. Ina jiko, ina zahanati, ina gereji, ina majenereta, na kila siku ina chupa za maji ya kunywa zisizo na idadi. Wakati wa ATMIS kambi kadha wa kadha zilikabidhiwa kwa majeshi ya Somalia. Umoja wa Mataifa unazo taratibu za kukagua mazingira ya mahali kabla ya kukabidhi, na ni vema askari wa cheo cho chote azijue, kwa sababu bendera hushuka kwa dakika tatu, ilhali shimo la oili chafu hubaki katika ardhi ya mwenyeji. Anayekabidhi ramani ya milango na mahandaki akabidhi pia ramani ya mashimo ya taka: limechimbwa lini, lina nini, limefukiwa kwa kina gani.

Na kuchoma si dawa. Kuna desturi ya kumwaga mafuta ya taa juu ya kila kitu, plastiki, betri, mabomba ya sindano, na kuwasha. Wamarekani walifanya hivyo katika kambi zao za Iraki na Afghanistani kwa miaka mingi, na askari waliokaa upande wa moshi walirudi kwao na vifua vibovu na maradhi mengineyo. Agosti 10, 2022, nchi yao ilitia sahihi sheria ya kuwatibu na kuwalipa askari waliodhuriwa na moshi huo. Huo ni mzigo wa fedha ambao mataifa yetu hayawezi kuubeba, na ni vifua ambavyo familia zetu hazina vya akiba.

Turudi sasa kisiwani, tukichukulia kwamba vijiji vya Ngumi na jirani zake, pamoja na mji wa Kismayu, vimekubaliana kuwa na kituo kimoja au viwili vya kupitishia taka. Kingekuwaje?

Kwanza kisiwe shimo. Hilo tulishike kwa meno. Kiwe banda: sakafu ya saruji yenye ukingo wa kuzuia maji kutoka, paa la bati la kuzuia mvua kuingia, na nguzo zilizopakwa dawa ya chumvi. Kikae juu ya mstari wa bamvua, mbali na visima, na karibu na diko ili mzigo usibebwe mara mbili. Kitazamwe kwa kusi na kwa kaskazi pia, kwani mahali pasipo na harufu Julai paweza kuwa upeponi kabisa Januari. Mzee ye yote wa kisiwani atakuonyesha mahali hapo bila ya kutumia chombo. Ndani pawe na sehemu za plastiki, za chuma, za chupa, na kabati moja la kufuli kwa vitu vya hatari: betri, madawa, makopo ya sumu. Mafuta machafu ya mashine za mashua yahifadhiwe katika mapipa yenye vifuniko, yasimwagwe penye mikoko, mahali ambapo kamba na kaa huzaliana.

Banda la namna hiyo lina sifa moja ambayo shimo halitapata kuwa nayo. Siku likifungwa, mafagio na ndoo za maji zatosha kulisafisha. Kesho yake laweza kuwa mahali pa kutengenezea mashua, pa kushonea nyavu, au soko la samaki lenye kivuli. Kwa kuwa hivyo ndivyo litakavyokuwa, basi lijengwe hivyo tangu mwanzo: mlango uwe mpana wa kupitisha dau, mteremko wa sakafu uelekee mfereji mmoja, nguzo ziweze kuning'inizwa mizani. Gharama ya kupanua mlango wakati wa kujenga ni mbao mbili. Gharama ya kuupanua baadaye ni ukuta mzima.

Usafiri ni jambo linalowatia watu hofu, kwa sababu petroli ni ghali. Lakini mashua zinazoleta unga, sukari na saruji kutoka Kismayu mara nyingi hurudi zikiwa nyepesi. Magunia ya plastiki iliyobanwa yanaweza kupanda humo kwa nauli ndogo, ikiwa kuna mtu upande wa pili wa kuyapokea. Lamu wameonyesha kwamba mzigo huo una thamani yake: mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake waliteremsha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa kandambili za rangi zote, nalo mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja. Si kila kijiji kitaunda jahazi, wala hapana haja. Linalotosha ni kujua kwamba plastiki safi na iliyochambuliwa ina mnunuzi, na iliyochanganyika na uozo haina.

Hata hivyo kuvusha taka si kuzimaliza. Kuna mtu anayeishi mahali zinakofika. Kismayu ni mji wenye maelfu ya watu waliokimbia vita na ukame, wanaoishi katika vibanda pembezoni, na pembezoni ndiko miji hupenda kutupa. Kama visiwa vitalinda visima vyao kwa kumwaga uchafu mbele ya mahema ya wengine, tutakuwa tumecheza ule mchezo wa kijiwe kwa mara nyingine. Mahali pa mwisho barani pachaguliwe kwa utaratibu ule ule, penye udongo mzito, mbali na makazi na mbali na mto Juba, ambao hufurika na kuingia baharini huko Gobweyn. Na wenye vibanda wakae katika kikao, si nje ya mlango wakisubiri kuarifiwa.

Kuna wageni pia wasioalikwa. Pwani ya Somalia imesumbuliwa kwa miaka mingi na habari za meli za kigeni zilizotupa sumu wakati nchi haina serikali. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka uliofuata ilizitaja habari hizo na kutaka zichunguzwe. Mkataba wa Bamako, uliopitishwa mwaka 1991 na kuanza kazi mwaka 1998, unakataza kuingiza taka za sumu barani Afrika. Polisi wa bandari na askari wa doria ndio macho ya mkataba huo. Pipa lisilo na jina likipatikana ufukoni, lisifunguliwe, lisiviringishwe hadi nyumbani kuwa la kuwekea maji, wala lisipelekwe kwenye kituo cha taka za kijiji. Watoto waondolewe, alama iwekwe, na habari ipelekwe kwa polisi na kwa Bwana Afya siku hiyo hiyo.

Sasa tuwageukie akina mama na akina baba wa nyumbani, kwani banda lote hilo ni bure ikiwa pakacha la jikoni limechanganyika. Nyumba moja haihitaji zaidi ya vyombo vitatu. Pakacha la kwanza ni la vinavyooza: maganda ya ndizi, mapumba, mabaki ya ugali, matumbo ya samaki. Hayo yafukiwe shambani katika tuta lenye majani na majivu, yafunikwe vizuri ili paka na kunguru wasiyafukue. Baada ya miezi michache ni mbolea ya mchicha na mnazi mchanga. Vifuu na makumbi ya nazi visitupwe kamwe, ni kuni na ni kamba. Gunia la pili ni la plastiki, chuma na chupa, vyote vikiwa vimesuuzwa kwa maji ya bahari ili visivute inzi. Chombo cha tatu ni debe dogo lenye kifuniko, liwekwe juu mahali ambapo mtoto hafiki: humo mna betri, nyembe, vidonge vilivyopitwa na siku.

Mifuko ya plastiki ni neno la peke yake. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na Somalia ikatangaza marufuku yake mwaka 2024. Mwenye mbuzi haitaji sheria kumwambia sababu: amekwisha kumpasua mbuzi aliyekufa kwa kuvimba na kukuta tumboni mpira wa mifuko iliyosokotana. Kikapu cha ukindu kilikuwepo kabla ya mfuko huo, na wanaokisuka bado wapo.

Tena iangaliwe ni nani anayebeba. Katika nyumba nyingi kazi ya kwenda jaani ni ya mtoto wa kike, asubuhi kabla ya kwenda chuoni au skuli, miguu peku. Kituo kikiwa mbali mno, atamwaga njiani, na nani atamlaumu? Basi umbali wa kituo upimwe kwa miguu yake, si kwa miguu ya mwenyekiti.

Yakikubaliwa hayo, kazi ya kwanza si kuchanganya saruji. Kazi ya kwanza ni kuonja maji. Bwana Afya na wazee wawili wapite kila kisima kilicho jirani na mahali palipochaguliwa, mara moja wakati wa kaskazi na mara moja baada ya mvua za masika, wachukue maji kwenye chupa safi, wayapeleke yakapimwe chumvi na vijidudu, na waandike urefu wa maji kutoka ukingoni kwa kamba yenye mafundo. Hapo ndipo itakapojulikana baadaye kama kituo kimedhuru au hakikudhuru. Kisha mkataba uandikwe: ardhi ni ya nani, taka gani zapokelewa na zipi zakataliwa, gunia lisilale bandani zaidi ya siku ngapi, nani anamlipa nahodha, nani anashika ufunguo wa kabati, kituo kitafungwa mwaka gani, na banda litakuwa mali ya nani na kwa kazi gani. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kisomali, usomwe kwa sauti mbele ya watu, wanawake wakiwapo. Nakala moja ikae kituo cha polisi, moja skuli, moja msikitini, na moja kwa manispaa ya Kismayu, pamoja na daftari la vipimo vya visima na ile kamba yenye mafundo.